Shati Lenye Doa Si Shati Chafu

Watu wengi wanadhani nguo inayomtisha dobi ni ovaroli ya fundi gari. Hapana. Ovaroli huja mezani kwangu nyeusi, imekakamaa kwa grisi, inanuka dizeli, na mwenyewe ameishika kwa ncha za vidole utadhani si yake. Naipokea bila wasiwasi. Palipoganda napapaka mafuta ya taa, naiacha kidogo, kisha maji ya moto na sabuni ya kutosha, na kesho yake fundi anaikuta inamsubiri, safi. Nguo inayonitia tumbo joto ni shati jeupe la mtoto wa darasa la tatu, limefuliwa, limenyooshwa, halina harufu yoyote, ila kifuani lina tone moja la kahawia lisilozidi punje ya hindi.

Tone hilo ni bibo. Mimi ni dobi hapa Chikongola, Mtwara mjini, wateja wananiita Mama Dobi, na kazi hii nimeirithi kwa baba yangu aliyefua kanzu na mashuka ya watu kwa mikono kabla mashine hazijafika mtaani kwetu. Kila mwaka kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zikiwa zinavunwa, mashati ya shule yananijia na madoa ya mabibo. Na kila mwaka nasikia habari ileile kutoka kwa wazazi: mtoto katolewa mstarini siku ya ukaguzi wa usafi, kaambiwa mbele ya wenzake kwamba ni mchafu, karudishwa nyumbani akabadili. Abadili nini, na shati ni hilohilo?

Huo ni uonevu, na zaidi ya kuwa uonevu, ni kutojua mambo. Doa na uchafu vinafanana machoni tu. Asili yake ni mbali mbali, haviondoki kwa njia moja, na havimshtaki mtu kwa kosa moja. Uchafu unaweza kukwambia mtu hakufua. Doa linakwambia kuna kitu kilimwagika, basi.

Nianze na uchafu, maana hauna maneno mengi. Vumbi la barabarani, jasho, nongo, masizi ya jikoni, mafuta ya mwilini: vyote hivyo hukaa juu ya uzi au hujibanza katikati ya nyuzi. Havijaungana na kitambaa. Kinachovishikilia zaidi ni mafuta, na ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inashikana na maji na nyingine inashikana na mafuta. Hiyo ya pili inaingia kwenye mafuta, ile ya kwanza inavutwa na maji, na mafuta yanang'oka pamoja na vumbi lote yalilokuwa yamelibeba. Ukifikicha unasaidia, ukisuuza unamaliza. Wanaofulia maji ya kisima yenye chumvichumvi wanajua shida yake: kalisiamu na magnesiamu iliyomo inaikamata sabuni kabla haijafanya kazi, povu linakataa, na utando wa kijivu unabaki kwenye nguo. Hapo napo tatizo ni la maji. Mfuaji hana kosa.

Hata udongo mwekundu, ambao akina mama wanaulalamikia sana, mara nyingi ni uchafu tu ulioingia mbali. Rangi yake inatokana na chuma, na chembe zake ni ndogo mno, zinapenya hadi katikati ya nyuzi. Kosa linalofanyika ni kuusugua ukiwa bado mbichi. Uacheni ukauke. Kung'uteni nguo nje, pigeni kwa mkono, halafu ndipo ije kwenye maji baridi. Nusu ya kazi itakuwa imefanywa na upepo.

Doa ni jambo lingine kabisa. Hapo kitu chenye rangi kimeingia ndani ya uzi wenyewe na kushikana nao, au kimegeuka kikiwa humohumo hadi hakiyeyuki tena kwenye maji. Pamba hunywa haraka chochote chenye maji: chai, damu, wino, maji ya matunda. Mashati ya tetroni hayanywi sana maji, ila yana udhaifu wao: mafuta ya sambusa yakishaingia humo yanang'ang'ania kuliko kwenye pamba. Kwa doa lililoshikana na uzi, sabuni inafika ikakuta hakuna mafuta ya kung'oa. Mtu akisugua kwa hasira anachokichakaza ni uzi. Nimepokea mashati mengi yenye tundu dogo mahali palipokuwa na doa, na pembeni ya tundu doa lipo limetulia.

Ukitaka kuona jinsi doa lilivyo mbali na uchafu, mfikirie William Henry Perkin. Mwaka 1856, kijana huyo wa miaka 18 alikuwa nyumbani kwao London wakati wa likizo ya Pasaka, anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipotaka kulisafisha kwa spiriti likatoa rangi ya zambarau. Akalijaribu kwenye hariri, likashika, halikutoka kwa sabuni wala halikupauka upesi juani. Mtu mwingine angelitupa. Perkin akafungua kiwanda, na rangi za viwandani zikaanzia hapo. Kwa hiyo ua lililo kwenye kanga yako, dada msomaji, na tone la bibo kwenye shati la mwanao ni jamaa wa ukoo mmoja. Moja limekusudiwa na limelipiwa, jingine limekuja lenyewe.

Sasa nirudi kwenye bibo, maana ndilo lililonifanya niandike.

Kwa wasomaji wa bara ambao korosho wanaijua ya kwenye pakiti: bibo ni lile tunda la mkorosho, jekundu au la njano, ambalo korosho yenyewe inaning'inia chini yake. Lina maji mengi, matamu, lakini ukishameza ulimi unabaki mkavu, umekazana. Ukavu ule unaletwa na tanini, kitu kilekile kilichomo kwenye chai iliyokolea na kwenye magome yanayotumika kusindika ngozi. Maji ya bibo yakiwa mabichi hayana rangi ya kutisha. Mtoto anatoka shule mchana, anapita chini ya mikorosho, anaokota, anakula, yanamchuruzika kidevuni hadi kifuani. Anafika nyumbani shati likionekana halina kitu.

Jioni mama anafua. Anatumia sabuni ya mche kama siku zote. Sabuni ile ina ukali wa magadi, na ukali huo unaisaidia tanini kukutana na hewa na kugeuka kahawia. Analianika. Alfajiri anawasha pasi ya mkaa, anainyoosha kola, anapitisha kifuani, na joto linamalizia kazi. Saa moja asubuhi mtoto amesimama mstarini na doa ambalo jana halikuwapo.

Tazama vizuri ni nani aliyehukumiwa hapo. Ni mama aliyefua jana hiyohiyo, akaanika, akaamka kupiga pasi. Lau angelitupa shati kwenye kiti na kumvalisha mtoto hivyohivyo asubuhi, huenda lile doa lingekuwa bado hafifu na mwalimu wa zamu asingeliona. Doa limeiva kwa sababu ya usafi wake. Halafu mtoto wake ndiye anayeitwa mchafu.

Na bibo haliko peke yake katika ujanja huo. Utomvu wa ndizi mbichi hutoka mweupe kama maji, ukikauka unakuwa mweusi. Maji ya dafu ndiyo yanayoshangaza wengi, kwa kuwa ni maji matupu kwa macho, lakini muulize anayeuza madafu kuhusu mashati yake. Ngisi naye ana wino wake, na wachuuzi wa samaki wanaoshuka Shangani asubuhi wanajua kwamba ukiukausha kwenye kanga umeingia ndoa nao. Hina nayo ina tabia yake: inashika kwa nguvu kwenye kucha, nywele, sufu na hariri, kwa sababu vyote hivyo ni protini, ila kwenye pamba ikiwahiwa hulegea. Nimeona bibi harusi akililia gauni la hariri huku leso ya pamba aliyofutia mikono ikitakata bila shida.

Dawa ya bibo ni kuwahi, na kuwahi huko kuwe kwa maji, sabuni ije baadaye. Maji baridi mengi, yapite upande wa nyuma wa kitambaa ili yalisukume doa litoke lilikoingilia. Kisha ndimu au siki, suuza, ndipo sabuni. Likishapigwa pasi tunazungumza lugha nyingine. Kwenye pamba nyeupe naweza kulififisha kwa dawa ya kung'arisha, kwa muda mfupi na kwa kipimo, ila mara nyingi kivuli kinabaki. Huwa nawaambia wateja ukweli huo kabla sijapokea pesa. Kuna madoa ya maisha, na shati lenye doa la maisha linaweza kuwa safi kila asubuhi hadi litakapochanika.

Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanataka dobi awe mganga.

Mtu akileta nguo yenye doa namuuliza mambo manne: kimemwagika nini, lini, kitambaa ni cha aina gani, na umeshaweka nini. Matatu ya kwanza wanajibu vizuri. La nne wanadanganya. "Sijaweka kitu, Mama Dobi," anasema, na shati linanuka Jik hadi mlangoni. Nisipoambiwa ukweli kwenye hilo la nne, ninaweza kuumia mimi. Jik, dawa ile ya kung'arisha, ni haipokloriti ya sodiamu. Ukiimwagia asidi, hata ndimu au siki ya jikoni, inatoa gesi ya klorini, na klorini ndiyo gesi waliyoitumia Wajerumani dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ndugu zangu, msichanganye vitu hivi kwenye beseni mkiwa mmefunga mlango wa bafu. Nguo iliyokwisha kupakwa kimoja isuuzwe mpaka kiishe kabisa ndipo kije cha pili.

Imani yetu kwa dawa hiyo imepita kiasi. Watu wanaiona inaondoa uchafu, kumbe kazi yake kubwa kwenye doa ni kuivunja rangi isionekane, na wakati inafanya hivyo inaula uzi wa pamba. Hariri na sufu inaziyeyusha. Doa la kutu, lile la msumari wa dawati au waya wa kuanikia, linazidi kukolea ukiliwekea; kutu inataka ndimu na chumvi kisha jua, kwa sababu asidi ndiyo inayoyeyusha chuma kilichooza. Njano ya kwapani nayo, inayotokana na jasho kukutana na dawa za kuzuia jasho zenye alumini, dawa hiyo haiiwezi. Inakuwa njano zaidi. Na bado kila wiki napokea shati ambalo mwenyewe ameliogesha humo mara kadhaa, limekuwa jembamba hata unaona vidole upande wa pili, na njano ipo palepale.

Kuna kanzu moja niliyoletewa na bwana mmoja baada ya walima, uso umemparara. "Mama Dobi, shikamoo. Naomba usimwambie mtu." Akaikunjua. Kifuani pana doa jekundu, jekundu hasa, kama la mtu aliyechomwa kisu. Akaapa hakugombana na mtu. Nikamuuliza walikula nini. Biriani. Nikamuuliza nani ameifua. Mkewe, kwa sabuni ya mche. Basi nikakamua ndimu, nikadondosha juu ya ule wekundu, na mbele ya macho yake ukageuka njano. Yalikuwa manjano ya kwenye mchuzi. Manjano yana kitu kinachokuwa chekundu kikiguswa na magadi au sabuni na kinachorudi njano kikikutana na asidi, na walimu wa kemia wanaweza kulifanya jambo hilo darasani kwa karatasi na kijiko cha bizari. Kitu hicho hakivumilii mwanga. Nikaifua kanzu, nikaisuuza sana, nikaianika ikiwa na unyevu kwenye jua kali siku kadhaa, na manjano yakaenda yenyewe. Sikutumia nguvu hata kidogo. Yule mkewe alikuwa amesugua hadi vidole vikamchubuka.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Uchafu unatii bidii. Doa linatii maarifa, na wakati mwingine halitii kitu. Kumwadhibu mtu kwa doa ni kumwadhibu kwa kutojua kemia, au kwa kupitiwa na bahati mbaya chini ya mkorosho.

Kuna doa jingine ambalo kwetu madobi halifiki, maana wenyewe wanaona haya kulileta. Nasema kuhusu wasichana. Sketi ikipata damu shuleni, mtoto anafunga sweta kiunoni, anaondoka kimyakimya, na siku zinazofuata pengine haji. Nyumbani anafua usiku, peke yake, na kwa kuwa amefundishwa kwamba maji ya moto ndiyo yanayotakatisha, anachemsha. Maji ya moto huiivisha damu kama yai linavyoiva sufuriani, na protini ikishaganda ndani ya uzi haitoki tena kirahisi. Kumbe maji baridi na chumvi kidogo, kuloweka, kubadili maji, kisha sabuni, vingetosha. Sabuni za unga zenye vimeng'enya zinasaidia zaidi. Wazo hilo lina zaidi ya miaka 100: mwaka 1913 Mjerumani Otto Röhm alichukua vimeng'enya vya kongosho la wanyama, vile vinavyosaga chakula tumboni, akavitia kwenye dawa ya kulowekea nguo. Vya siku hizi hutengenezwa kwa bakteria. Vinafanya kazi polepole, kwenye maji ya uvuguvugu, kwa saa kadhaa, na ukivitia kwenye maji yanayochemka umeviharibu.

Nani anawafundisha mabinti hayo? Bibi zetu walijua, walisema wakati wa unyago, ila kwa kunong'ona, na siku hizi wengi hawapiti huko. Mwalimu wa kike akitenga nusu saa kuwaeleza wasichana maji baridi na chumvi, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko ukaguzi wa kola wa muhula mzima.

Nilimwambia mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, mambo haya. Ni mtu mwema, suruali zake zina mstari unaoweza kukata karatasi. Akanijibu, "Mama Dobi, tukianza kusamehe madoa, kesho wataacha kuoga." Hoja yake naielewa. Shule ina watoto mamia, mwalimu wa zamu ana dakika chache kabla ya kengele, na jicho ndicho kipimo cha haraka. Nidhamu nayo ni kitu cha kweli. Nami nimelea, najua mtoto ukimwachia anavaa soksi moja wiki nzima.

Ila jicho ni kipimo kibovu, na linadanganywa pande zote mbili. Chukua buluu, ile tunayotia kwenye maji ya mwisho. Buluu haiondoi hata chembe moja ya uchafu. Nguo nyeupe ikizeeka inaelekea njano, ukiiongezea bluu kidogo macho yanaona weupe, basi. Sabuni nyingi za unga zinafanya ujanja wa namna hiyo kwa njia nyingine: zina kitu kinachobaki kwenye kitambaa, kinapokea miale ya jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa bluu, na shati linawaka kuliko lilivyokuwa jipya. Nimepokea mashati yanayoumiza macho kwa weupe, na nikigeuza kola ndani nakuta nongo ya wiki nzima na harufu ya jasho lililochacha. Mashati hayo yanapita ukaguzi, na mwenyewe anapigiwa makofi. Pembeni yake amesimama mwenye tone la bibo, aliyefuliwa jana, anaelekezwa getini.

Mwenye kusema "basi wanunue shati jipya" aje akae dukani kwangu mwezi wa kumi na moja. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, jambo jema, lakini sare imebaki kwa mzazi. Nyumba yenye watoto wanne na mashati mawili kila mmoja ina mashati manane ya kuhangaikia, na malipo ya korosho hayaji siku mtoto anapodondokewa na bibo. Mzazi anayekuja kwangu na shati la namna hiyo ameshajaribu ndimu, ameshajaribu magadi, ameshajaribu hata dawa ya meno. Kumwambia hajali usafi ni kumtukana.

Tena mabibo hayo si anasa ya watoto watukutu. Huku kwetu msimu ukifika familia nzima iko shambani, watoto wakitoka shule wanaokota, wanatenganisha korosho na bibo kwa mikono. Mafuta ya ganda la korosho mbichi yanachoma ngozi na kuacha weusi kwenye vidole. Mwalimu anayekagua kucha mwezi huo ataona vidole vyeusi vilivyosuguliwa kwa brashi hadi vikawa na vidonda, naye ataandika mchafu. Korosho hizo ndizo zinazoendesha mkoa, na ndizo zinazonunua hayo mashati.

Sidai sare nyeupe ifutwe. Nyeupe ina faida yake, inaweza kuanikwa juani na kuvumilia dawa ambazo kitambaa cha rangi hakivumilii. Wala sidai ukaguzi uachwe. Naomba ukaguzi ufanywe na mtu anayejua anachokitafuta. Mwalimu wa zamu ageuze kola aitazame kwa ndani, ashike kwapa kama limekakamaa, anuse. Uchafu una harufu na una utando. Doa lililofuliwa halina kimojawapo. Akiona rangi asiyoielewa, amuulize mtoto ilikotoka. Mtoto anajua, na hana sababu ya kudanganya kama hajaona fimbo.

Na shule iwe na ndoo ya maji baridi mahali watoto wanapoifikia. Wino wa maji, ule wa kalamu ya kujaza, mara nyingi utaondoka kwa hiyo ndoo. Wa bolpeni unataka spiriti, lakini hauna haraka. Bibo, chai, damu, mchuzi, vyote vinapungua nusu vikikutana na maji baridi papo hapo, kabla ya kukauka na kabla ya sabuni. Mtoto akilowa kifua kidogo, kwa jua la Mtwara atakuwa amekauka kabla ya kipindi kinachofuata.

Januari shule zitafunguliwa, na mashati ya msimu yatarudi mstarini huku Mtwara, Lindi, na Tunduru kwa ndugu zetu wa Ruvuma, na madoa ya mabibo yakiwa yameshakomaa. Walimu wakuu, naomba muwaambie walimu wenu wa zamu jambo hili moja kabla ya kengele ya kwanza: mtoto mwenye shati lililofuliwa aingie darasani, hata kama lina doa.